Kidonge cha Zuhura

Dada Salma,

Zuhura hana virusi. Amesema nesi wa kliniki ya Makole, Jumanne hii asubuhi, baada ya kumpima mwanao mbele yangu. Majibu nimeyasoma mwenyewe. Unanijua, uandishi wa habari umeniharibu: cha kuambiwa siamini.

Nakuandikia kwa sababu hukumkuta mkweo. Anaitwa Idi, fundi pikipiki wa Mkonze. Kabla ya ndoa alimwambia Zuhura kwamba anaishi na VVU na ndiyo kwanza ameanza dawa. Mwanao hakukimbia. Alikwenda kliniki, akauliza maswali kunishinda mimi, akachagua dawa kinga: kidonge kimoja kila siku na kupimwa kila baada ya miezi mitatu, mpaka vipimo vya Idi vioneshe virusi vimefifia kabisa. Aliulizia na sindano ya kinga. Nesi akamwambia ikifika kwao, atachagua upya.

Shida ni kopo la vidonge. Ukilitikisa linalia kama lile la dawa zako. Zuhura akatia pamba ndani lisilie, wanawake wengi hufanya hivyo. Mama mkwe akalikuta sandukuni. Alipoona pamba akasema anayeficha ni mgonjwa. Akaita kikao.

Nilikuwepo. Mama mkwe ndiye aliyeanza: "Nilitaka mkwe, nimeletewa maradhi!" Shangazi yake Idi akadakia, "Mama yake naye si tunajua alivyokwenda?"

Hapo walikugusa wewe, dada. Idi alikuwa anautazama mkeka. Zuhura angeweza kumtaja. Hakumtaja. Alisema tu, "Shikamoo nimeshawapa, mama. Sasa naomba kopo langu."

Wakampa sharti: aache dawa, au arudi kwao.

Nikakumbuka gunia lako la ulezi. Kila walipokuja wageni wa Kondoa ulizificha dawa humo, na hukumeza hata kidonge kimoja mpaka waondoke. "Wataondoka tu," ulikuwa ukininong'oneza. Safari ya mwisho walikaa mpaka tukakuzika. Tukawaambia kifua. Mimi, ninayekula kwa kuuliza watu maswali, nilitikisa kichwa kukubali.

Dawa zako zilikuwa zinafanya kazi. Ulikufa kwa heshima ya wageni. Nimechelewa kuliandika hilo, lakini leo nimeliandika.

Jana Idi alikuja kwangu, akasimama mlangoni, hata kukaa hakutaka.

"Mama mdogo, nitasema. Mwenye virusi ni mimi."

"Mimi unaniambia nini? Nilishajua. Kamwambie mama yako."

Akacheka. Sijui kama atasema kweli. Nimeona wanaume wengi wakiahidi mlangoni na kunyamaza kikaoni. Asiposema, Zuhura hatamsemea, na mimi sitamlazimisha. Lakini dawa haachi. Hata wakimtoa na sanduku lake, nyumba yangu ina chumba.

Pumzika, dada yangu. Nimekuahidi mambo mengi nisiyoyatimiza, hili natimiza. Mwanao hatakufa kwa kuwaogopa watu waliokuja kunywa chai.

Kikao kinakaa tena Jumapili, baada ya sala ya adhuhuri. Zuhura amesema kidonge cha siku hiyo atakimeza pale pale mkekani, mbele ya mama mkwe. Mimi nabeba maji.

Mdogo wako,
Mwajuma