Mume Wangu Huchomoa Kibodi Nikianza Kusema

Bi Ilaisaane mpendwa, naomba msaada wako, na uniwie radhi kwa herufi zilizokosewa, maana barua hii naiandika kwa kidole kimoja juu ya kioo na hasira zimenijaa.

Tangu daktari aliponikata koo kuondoa saratani sina sauti, hata ya kunong'ona, na binti yangu Losaline aliyeko Auckland ndiye aliyeniletea kishikwambi cha aina ile yenye kibodi ya kuchomoa, na siku kilipofika nililia, kwa sababu ni chepesi, kinaingia kwenye kikapu changu cha kanisani, chaji inakaa kutwa, na mimi nilipiga chapa ofisini miaka mingi, vidole vyangu havijasahau kazi, basi nikawa naweka kioo katikati ya mkeka watu wasome, kibodi naichomoa naiweka mapajani, inaandika vilevile hata ikiwa mbali, na tukawa tunazungumza kama watu wengine. Ile sauti ya mashine nimeizima, inasoma Kitonga chetu cha visiwani kama mtalii aliyelewa.

Kasoro nazo nilizijua. Mguu wake wa kuegemea haushiki vizuri juu ya mkeka, kinalala chali katikati ya neno, na ukiandika kwenye kioo chenyewe zile herufi za kubonyeza zinafunika nusu ya unachoandika, nami viungo vya vidole vinaniuma, neno moja linanichukua muda watu wameshahamia habari nyingine. Lakini kasoro kubwa hakuna aliyeniambia, kwamba kitu kinachochomoka, mtu yeyote anaweza kukichukua.

Ilianza kama mzaha. Nikimpinga neno mume wangu Uaisele, ananyoosha mkono, anaichukua kibodi mapajani mwangu, anaibana kwapani, anawaambia wageni, "Haya, bibi amezimika!" Wageni wanacheka. Nikikasirika anasema, "Si utani tu, mama? Au siku hizi na utani umekatwa pamoja na koo?"

Sasa sikia. Mpwa wake Pelenaise, mtoto wa dada yake Telesia, alikuwa anaolewa, na ukoo ukakaa nyumbani kwetu kupanga zawadi, Uaisele akatangaza kwamba atatoa ule mkeka wa heshima aliousuka marehemu mama yangu, mwembamba kama kitambaa, alioniachia nimpe Losaline, nami nikaanza kuandika, "Huo si mali yako," na nilikuwa nimefika "si" alipoinyakua kibodi na kuikalia. Akaikalia, Bi Ilaisaane! Akasema, "Mnaona, amekubali." Nikahangaika na kioo kwa vidole hivi vinavyouma, na nilipomaliza sentensi watu walikuwa wanakunywa chai.

Siku ya harusi vijana wakaupitisha mkeka wa mama yangu mbele ya watu, wanawake wakashangilia "Mālie! Mālie!" yaani safi sana, na Uaisele akasimama akicheza kwa furaha huku kibodi yangu iko kwapani, maana alikuwa ameshaichukua mapema asije akasumbuliwa, na pale mimi kitu kikanikatika ndani, nikachomoa kalamu ya kioo iliyokuja na kishikwambi, ambayo sikuwahi kuitumia, nikaandika neno moja kwa herufi kubwa zilizojaa kioo kizima, MWIZI, nikasimama, nikakiinua juu ya kichwa, nikatembea nacho mpaka mbele yake.

Kelele zikaisha. Bibi harusi akaanza kulia. Telesia akanivuta mkono, "Wifi, umemvua kaka yangu nguo mbele ya watu! Huna haya?" Tulipofika nyumbani Uaisele akasema, "Kibodi utaiona siku utakayopiga magoti mbele ya dada yangu ukaomba msamaha." Ameificha. Kaka yangu Saimone sijamwambia, nikihofia ugomvi.

Je, nipige magoti? Au niuze hiki kitu ninunue kompyuta ya kawaida isiyochomoka? Na jina langu liandike gazetini, nimenyamazishwa vya kutosha.

Kalolaine, Kolovai

*

Kalolaine, dada yangu, pole. Na sasa nisikilize, maana nitakugombeza kidogo.

Unaniuliza habari za kununua mashine nyingine? Mashine yako haina tatizo. Ungekuwa na kompyuta ya kipande kimoja, Uaisele angeichukua yote, nawe ungebaki mikono mitupu, ukimtazama akicheza. Kwa sababu chako kinagawanyika, alibaki na kibodi, na kibodi peke yake ni ubao wa vitufe tu. Wewe ukabaki na kioo na kalamu. Usikiuze.

Kibodi aliyoificha usiiombe tena. Kibodi nyingine yoyote isiyo na waya itaungana na kishikwambi chako. Mwambie Losaline atume ndogo ya kukunja, ikae mfukoni mwa nguo yako, na kila mtu ajue ikiguswa umeguswa wewe. Mpaka ifike, tumia kalamu. Maneno machache, makubwa. Tumeona yanavyofanya kazi.

Magoti usipige. Mkeka ni mali ya wanawake wa kwenu, mumeo hakuwa na ruhusa ya kuugusa, na anajua hivyo, ndiyo maana alianza kwa kukuziba mdomo. Neno uliloliandika ni la kweli. Lakini ulilitolea mahali pabaya. Yule binti alikuwa na siku moja tu ya kuolewa, nawe na mumeo mmeigeuza uwanja wa vita. Nenda kwa Pelenaise peke yake, bila mama yake. Mwombe radhi kwa machozi yake. Kisha mweleze mkeka ulisukwa na nani na uliahidiwa nani, halafu umwachie aamue. Usiudai. Nadhani akijua ataurudisha mwenyewe. Asiporudisha, utakuwa umesema, na umesikika.

Halafu Saimone. Umekaa na jambo hili kimya unamwogopea nani? Katika nchi hii dada hafichi kilio chake kwa kaka yake. Nenda kwake leo na ulale huko. Uaisele akija kukufuata, azungumze nawe mbele ya Saimone, wewe ukiwa na kibodi mapajani, iwe ile aliyoirudisha au mpya, na asubiri mpaka umalize sentensi. Hata kama ni ndefu. Asipoweza kusubiri, usirudi.

Na wewe Uaisele, gazeti hili linafika Kolovai, kwa hiyo tusidanganyane. Mkeo alipolala hospitali amefungwa bandeji shingoni, sina shaka ulikaa kando ya kitanda ukaomba. Hukumwomba Mungu akupe mke asiyejibu. Uliomba arudi. Amerudi, mwanaume wewe. Mrudishie kibodi yake.

Bi Ilaisaane