Baba Aliangushwa Ulingoni

Nyumba ya kona,
Nyuma ya karakana ya baba.
Tarehe 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo huko baridini? Kile kikohozi kimekuachia, au bado unakinywesha chai tu na kukiombea kiondoke? Sisi tunakula na tunalala. Mama magoti yanamsumbua lakini mdomo ni mzima, kwa hiyo huyo usimhofie.

Ninayemhofia ni baba. Kwenye simu alikuambia bega liliumia alipoteleza bafuni. Hakuteleza.

Unamkumbuka Korongo, yule wa miguu mirefu uliyekuwa ukifanya naye mazoezi ya kung fu katika banda la baba? Alifungua klabu ng'ambo ya barabara. Huko wanafundisha mapigano ya siku hizi, ngumi, mateke, mieleka, hadi kukabana chini sakafuni. Wanafunzi wa baba wakaanza kuvuka barabara mmoja mmoja. Wengine walizunguka kwa nyuma ili asiwaone. Kisha utani ukaanza, eti kung fu ya mzee ni dansi isiyo na muziki.

Baba alivumilia, mpaka kijana mmoja muuza nyama, mwanafunzi wa Korongo, alipomwambia karakanani mbele ya wateja, "Mzee, hayo yako ni ya sinema."

Baba akazima mashine ya kuchomelea, akavua miwani. "Basi tukutane ulingoni," akasema.

Mama alimsihi. "Baba watoto, umri wako ni wa kuamua ugomvi, si wa kuuanza." Akajibu kwamba yule Mchina mjenzi wa madaraja, aliyemfundisha ujanani, hakumfundisha sinema. Hata Korongo alikuja kumwomba aache. Nisamehe kusema hivi juu ya mzazi, lakini sikio la kufa halisikii dawa.

Nilikuwepo. Alisimama vile unavyomjua, magoti yamekunjwa, viganja wazi, mgongo umenyooka. Alipendeza kumtazama. Kijana akarusha ngumi, baba akaipangua kwa wepesi uliowanyamazisha watu. Ya pili akaipangua pia. Halafu kijana akainama, akamkumba miguu, akambwaga. Na huko chini, mdogo wangu, baba hakujua kitu. Hakuna aliyewahi kumfundisha. Mkono wake ukakunjwa nyuma, Korongo akawa anamwambia, "Gonga sakafu, mwalimu. Gonga akuachie." Hakugonga. Nilisikia bega likitoka.

Hakuna aliyecheka. Waliokuja kucheka waliinama wakitafuta viatu vyao. Muuza nyama mwenyewe ndiye aliyembeba hadi hospitali, huku akilia.

Mkono ule sasa hauvuki kimo cha kifua. Kuchomelea anachomelea mtu mwingine, baba anaelekeza. Banda halina mwanafunzi tena, tumeweka humo magodoro ya jirani.

Baadaye Korongo alikuja akaketi sakafuni mbele yake. "Mwalimu, miguu hii umenipa wewe. Njoo uwafundishe vijana wangu kusimama."

"Mimi niliyeangushwa?" baba akauliza. Lakini alikwenda. Kila jioni kabla ya mazoezi anafundisha kupumua na kupanga miguu. Korongo anasimama mstari wa mbele na kufuata kila kitu. Wengi wa wale vijana huchelewa makusudi, waingie yeye akishamaliza. Akirudi nyumbani anatuambia vijana wa siku hizi hawajui kusoma saa. Mimi na mama tunaangalia sahani zetu.

Mama, shangazi mshonaji na mapacha wangu wanakusalimu sana. Korongo naye anakusalimu, na usimkasirikie.

Neno langu la mwisho ni hili. Juzi baba aliniuliza kama huko uliko bado unafanya alivyokufundisha. Najua uliacha tangu ulipoanza kazi ya zamu. Nilimwambia unafanya kila asubuhi kabla ya kutoka. Alifurahi hata akasahau kunywa dawa. Akikuuliza, nakuomba usinivue nguo. Na ukiweza, asubuhi moja kunja magoti usimame, hata kidogo tu, ili nisiwe nimemdanganya kabisa.

Mungu akulinde uingiapo na utokapo.

Akupendaye bila kupungukiwa,
Dada yako