Wao Wanasema ni Roho, Mimi Naona ni Jiko

Mpendwa Mshauri,

Nakusalimu kwa jina la Bwana wetu. U hali gani, mama, wewe na wote wa nyumbani kwako, na kifua kinasemaje na baridi hii, maana juzi tulikusikia redioni ukikohoa tukakuombea. Sisi huku milimani Mokhotlong tu wazima, na safari hii nikisema wazima sisemi kwa mazoea, nasema machozi yakinilengalenga, kwa sababu ilibaki kidogo nikuandikie habari za msiba. Naomba msaada wako, na barua hii nampa dereva wa basi mkononi ili isichelewe.

Mimi ni mama wa makamo, mume ninaye, ng'ombe tunao wachache, na ni mmoja wa akina mama wa kanisa, wale wa sare ya blauzi nyekundu, wanaokutana kuomba kila Alhamisi. Miaka yote tulikutana katika msonge wangu wa nyasi, tunakoka samadi kavu katikati, moshi unatutoa machozi kisha unajiendea zake kwenye paa, tunaimba, tunaomba, tunatawanyika. Mwaka huu binti yangu Thakane, anayefanya kazi mjini Maseru, akatujengea nyumba ya matofali, mabati juu, madirisha ya vioo yanayofunga kabisa, hata upepo wa huku unaojua kila tundu ukakosa pa kupenya, na mimi, binadamu ni binadamu, nikataka wenzangu waje waione. Na kwa kuwa sikutaka masizi kwenye kuta mpya nikaacha samadi, nikanunua makaa ya mawe yanayoletwa na lori, nikayawasha nje kwenye jiko la bati lenye matundu kama afanyavyo kila mtu, nikangoja moshi uishe wote yabaki makaa mekundu matupu, ndipo nikaliingiza ndani, na Mama Lebohang, kiongozi wetu, akakunja blanketi akaziba chini ya mlango ili joto lisitoroke.

Mama, siku ile tuliomba kama hatujawahi kuomba. Mioyo ilidunda, vichwa vikawa vizito, magoti yakalegea, mmoja akaanguka, mwingine akaanguka, mwingine akalia bila kujua analilia nini, na Mama Lebohang akapaza sauti, "Ameshuka! Jamani, Roho ameshuka!" Habari zikavuka mto. Alhamisi iliyofuata wakaja hata wanawake wa vijiji vingine, wakaanguka wengi zaidi, na mimi nikawa napita kijijini kidevu juu. Mume wangu, ambaye kanisani humwoni ila kwenye mazishi, akaniuliza huku anamega ugali, "Mama Thakane, huyo Roho wenu mbona kiangazi haji? Anaogopa jua?"

Nikamwambia akufuru huko huko zizini kwa ng'ombe wake.

"Ng'ombe wangu hawaamki Ijumaa wameshika vichwa," akasema.

Neno lile liliniuma, kwa sababu kichwa nilikuwa naumwa kweli, nikienda kuchota maji kinapoa, nikirudi kukaa na lile jiko kinaanza upya, na sikumwambia mtu.

Basi Alhamisi iliyopita theluji ilianguka, tukaongeza makaa. Katikati ya maombi Bibi Khauhelo, mkubwa wetu kwa umri, akateleza kitini akalala sakafuni, mdomo wazi, ukimwita haitiki. Wenzangu wakamzunguka wakiimba. Mimi nikainama nimfunike blanketi lake, na pale chini, kwenye kikapu kando ya ukuta, nikamwona kuku wangu aliyekuwa anaatamia, shingo imelala, amekufa. Nikabaki nimemkodolea macho. Nikajiuliza, na huyu naye alikuwa anaomba? Nikainuka kwenda mlangoni.

"Usifungue!" Mama Lebohang akasema. "Utamfukuza!"

"Nimfukuze nani? Bibi hapumui vizuri!"

"Yuko mikononi mwa Bwana, mwache."

"Mikono ya Bwana inafika hata nje," nikasema, nikalipiga teke lile blanketi, nikafungua mlango, nikamshika Bibi makwapani nikamburuta hadi kwenye theluji, kichwa kinanizunguka, miguu kama ya kuazima.

Akalala kimya. Nikamwita, kimya. Kisha akakohoa, akafumbua jicho moja, akasema, "Nani kaniibia blanketi langu?" Mshauri, nilicheka na kulia kwa pamoja, nikamvika langu, nikamwambia chukua Bibi, chukua na sketi ukitaka. Tangu siku ile nikiamka neno la kwanza ni asante, nikilala neno la mwisho ni asante.

Lakini wenzangu wameninunia. Wanasema nilikatiza maombi, nilimvunjia Roho heshima, na Mama Lebohang ametangaza Alhamisi hii tuhamie kwake, na nyumba yake nayo ni mpya na imebana kama yangu, na jana katuma mtu kuazima jiko langu, nikajibu bado lina majivu ya moto, lakini uongo huo hautafika Alhamisi. Nikisema ni jiko, wataniambia nimemwita Roho Mtakatifu makaa, labda wataniondoa katika kundi. Nikinyamaza, safari hii huenda asiwepo wa kufungua mlango. Je, nikiwaambia natenda dhambi? Na bila jiko baridi hii tutaipitishaje? Tafadhali, mama, nijibu upesi, kabla ya Alhamisi.

Ni mimi, Mama Thakane, Mokhotlong

*

Mama Thakane,

Kifua kimepona, asante kwa maombi yenu. Nimekujibu leo leo kwa sababu jambo lako halingoji zamu.

Hukutenda dhambi. Ulimtoa mtu kwenye mauti, na Bibi yuko hai anadai blanketi lake, Mungu ashukuriwe. Nilipofika hapo nami nilishusha pumzi. Lakini nitakugombeza kidogo. Kichwa chako kilikuambia, mumeo akakuambia, ukangoja mpaka kuku akuambie! Kwa nini? Kwa sababu nyumba yako ilikuwa na sifa. Haya, yameisha, usirudie.

Sasa nielewe vizuri, maana kosa hili si lako peke yako, nchi nzima tunalifanya. Tunadhani moshi ndio adui, ukiisha tuko salama. Moshi ni kama mbwa anayebweka, unakera lakini unakuamsha. Makaa mekundu yasiyo na moshi yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Ukiivuta inaingia kwenye damu na kushika mahali pa pumzi yako. Kichwa kinagonga, moyo unakimbia, unataka kutapika, magoti yanakwisha, halafu usingizi. Msonge wako ulikuwa unavuja hewa, ndiyo maana mlikuwa mnalia tu na kwenda nyumbani. Nyumba mpya haivuji. Kwa hiyo jiko la namna hiyo, la makaa ya mawe au la mkaa wa kuni, halina kazi ndani ya nyumba iliyofungwa, liwe limewashwa nje au kanisani.

Kuhusu wenzako. Usibishane nao habari za Roho, hata neno moja. Mimi sijui nani kati yenu aliguswa na Mungu, na wewe hujui. Mtu anaweza kuguswa kweli na bado akafa kwa makaa. Wewe zungumza jiko. Mama Lebohang akikuambia mlango wazi unamfukuza Roho, muulize kwa upole, siku ya Pentekoste alikuja na nini? Alikuja kama upepo. Anayekuja na upepo hawezi kuogopa dirisha.

Leo mpeleke Bibi Khauhelo zahanati, hata kama anasema amepona, na umwambie muuguzi wazi kwamba ni makaa, maana madhara mengine huja nyuma. Nawe upimwe, na kila aliyeanguka. Kisha uende na Bibi kwa Mama Lebohang, nyinyi watatu tu, bila watu wa kusikiliza. Kunywa uji atakaokupa. Mwambie ulifungua mlango kwa sababu hukutaka kumvalia nguo za msiba hata mmoja wao, na yeye akiwemo. Halafu mwache Bibi aseme. Nani atamwambia yeye hakuwa ndani? Jiko usimwazime, anune asinune. Na uache kumdanganya habari za majivu.

Akikataa kabisa, nenda kwa mkuu wa kijiji kabla ya Alhamisi, si baada yake. Wakikufukuza kwenye kundi, blauzi nyekundu nyingine itashonwa. Watu hawashonwi.

Baridi inapitishwa hivi. Moto ubaki nje, upashe mawe au matofali, myafunge kwa magunia muwape wazee waweke miguuni. Blanketi mnazo, uji wa mtama mnao, kaeni mmebanana, na dirisha moja liwe wazi kidogo. Baadaye mwambie Thakane kwamba zawadi yake haijakamilika, nyumba inataka jiko la chuma lenye bomba linalotokeza juu ya mabati, lililofungwa na fundi, na masizi yawe yanasafishwa kabla ya kila kipupwe. Humo choma samadi iliyokauka mpaka inagonga kama ubao, au kuni za mwaka jana. Mbichi inajaza bomba masizi na haikupi joto. Plastiki, mbao za rangi na matairi usiguse. Dirisha uliache wazi kidogo hata hapo, usilale moto ukiwaka, na majivu yatoke nje kwenye ndoo ya chuma, mbali na ukuta.

Mama, nataka uniambie kwamba wote waliokwenda kuomba Alhamisi kwa miguu yao walirudi kwa miguu yao. Nijibu upesi.