Amande ya Magara

Amahoro, mudogo wangu Zaituni,

Tumetoka Bujumbura, tumefika Rumonge salama na vitu vyote, hata kitanda cha mama. Kesho tunapanda boti ya Kigoma, tuanze maisha mapya.

Jana kule mulimani, kabla ya kufika kijiji cha Magara, tulisikia risasi. Shemeji yako Hamisi akakanyaga mafuta. Tuliingia Magara bado anakimbiza gari, polisi akatusimamisha, akamuandikia amande, faini ya mbio. Hamisi akakasirika: "Shefu, kule wanapiga watu, na wewe unataka tutembee pole?"

Yule polisi hakupandisha sauti. Alituonyesha wamama wanaoanika ndagala, wale samaki wadogo, pembeni ya lami. "Juzi gari moja ilikuwa inakimbia vita kama nyinyi, ikamugonga mwenzao. Leo asubuhi tumemuzika. Sisi wa hapa tukimbilie wapi?"

Hamisi akashuka, akawaendea wale wamama, akawapa pole na kuwaomba musamaha.

Karatasi ilisema tukalipe Bujumbura. Nikamwambia polisi, "Shefu, tafadhali, usiturudishe njia ile." Akafuta, akaandika Rumonge, akamurudishia Hamisi permi yake ya kuendesha gari. "Muende. Ninawaamini." Leo tumelipa kabla hata ya chai.

Sasa tunakula samaki mukeke wa kuchoma, ziwa limetulia, lakini roho yangu iko kwako. Ukitufuata, mwambie dereva akimbize mulimani, ila akifika Magara apunguze. Mungu akulete muzima, nikukumbatie.

Dada yako Mwajuma