Barua Arobaini na Moja Zilizorudi

Jumatatu, 3 Machi
Barua pepe arobaini na moja zimerudi tangu Ijumaa! Zote za kliniki yetu ya macho, za kuwaita wagonjwa kwenye upasuaji. Seva inatoa jibu lile lile: anwani ya mpokeaji haipo. Bosi anasema si kosa letu, watu hawajui anwani zao wenyewe. Labda. Lakini arobaini na mmoja kwa mpigo?

Jumanne, 4 Machi
Nimejiandikia barua ya majaribio — imefika. Seva ni nzima, basi. Ugonjwa uko kwenye anwani.
Mama kaniuliza mezani mbona nimenuna. Nikamweleza. Akacheka: barua zenu zina adabu, zikimkosa mwenyeji zinarudi kwao. Kisha akauliza, na huyo anayengoja, anajua kwamba aliitwa?

Jumatano, 5 Machi
Nimeipata! Nilizipanga anwani moja chini ya nyingine. Kila moja ina herufi kumi na mbili kabla ya alama ya @. Kumi na mbili kamili! Fomu mpya ya usajili ya kwenye kompyuta inakata zinazozidi. Mwenye jina fupi kapona, mwenye jina refu kakatwa mkia.
Na fomu aliyeitengeneza nani? Mimi.
Ningeweza kuirekebisha kimya kimya, nani angejua? Nikaenda kwa bosi nikasema kosa ni langu. Akasema: "Mficha uchi hazai. Nenda kafanye kazi."

Alhamisi, 6 Machi
Fomu iko sawa. Ila kilichokatwa hakijirudishi. Imebidi nimwangukie Bibi Usajili, yule mama wa mapokezi ambaye bado anawajazisha wagonjwa karatasi na kuzifungia kabatini. Jinsi tulivyomcheka! Leo yeye anasoma, mimi nachapa, mpaka vidole vikafa ganzi. Arobaini zimefika. Moja imerudi tena — ya mama mmoja mshonaji. Upasuaji wake ni Jumatatu asubuhi, na simu yake haipatikani.

Ijumaa, 7 Machi
Mwandiko wa mshonaji! Herufi ya mwisho nilisoma n. Bibi Usajili kavaa miwani, kaielekeza karatasi dirishani: "Mwanangu, hiyo ni m. Wino umeinyima mguu mmoja tu."
Nimetuma saa nne kasoro robo. Dakika tano. Kumi. Haijarudi!
Saa sita simu ya mapokezi imelia. Mwanamume. Mke wake ndiye mshonaji, barua kaisoma yeye, anwani ni yao wote wawili. Anauliza mara tatu: Jumatatu hii? Hii hii? Kumbe simu ya mkewe ilitumbukia majini, na mwenyewe jana kasafiri kwenda kwa dada yake. Alichoka kungoja, anasema, alijua mmeshamsahau. Lakini kuna basi kesho alfajiri. Akipatikana leo, anawahi.
Sasa anampigia shemeji yake kwa simu ya jirani. Yetu hajaikata. Bibi Usajili kaweka spika, kanikamata mkono wa kushoto. Naandika kwa wa kulia, hapa hapa kaunta, nimesimama. Inaita. Inaita. Mtu kapokea — sauti ya mwanamke, anauliza nani mwenzangu —