Maji ya Alhamisi Niliyatoa Kichwani

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla ya Jumapili, mimi nina miaka sabini na nane, nimezika ndugu zangu wote watano na daktari aliyenipa miezi sita, na vibao vya maduka kutoka Kariobangi hadi Umoja nilipaka mimi, ingawa shule niliacha darasa la pili, na kila kibao nilivuka barabara nikakitazama kutoka ng'ambo kwanza, ndiyo maana hakuna aliyenirudishia kazi. Sasa mjukuu wangu Warigia na wenzake wametengeneza programu ya zamu za maji mitaani, ya bure, eti imeachwa wazi mtu yeyote aingie ndani airekebishe, hapo sikuelewa, fundi gani huacha kazi yake wazi, lakini akanipa simu akasema, "Guka, huu ndio ukurasa wetu wa mbele, nitafutie siku ya maji ya Umoja. Ukikosea ndiyo unanisaidia." Nikapandisha kidole nikateremsha, nikaona picha za vijana wakicheka, nikaona maneno ya kualika mafundi wenzao, maji sikuyaona, na yeye ananitazama, basi nikasema, "Alhamisi! Safi kabisa!" kwa sababu kwetu maji huja Alhamisi, akanikumbatia, na sasa ameandika pale juu kabisa kwamba hata guka wa miaka sabini na nane ameweza. Jumapili baada ya ibada anataka nisimame niwaonyeshe wazee. Jirani yangu Munyoki alijaribu akashindwa, akanijia, "Bingwa wa vibao, si unionyeshe?" nikamwambia simu imeisha chaji, papo hapo ikaita. Nikisema ukweli nitaaibika, nikinyamaza nitaaibika mbele ya kanisa, na bado sielewi, kukosea kunamsaidia nani? Ukidhani naongeza chumvi, Munyoki yuko mlango wa tatu, muulize.

Mureithi, Umoja

Mzee Mureithi, pole, ila umeniudhi. Ulipovuka barabara ukaona jina la duka halisomeki, ulimlaumu mpita njia? Ulirudi na brashi. Warigia hawezi kuvuka barabara yake. Ukurasa ameujenga yeye, anajua kila kitu kilipo hata akifumba macho. Ng'ambo yake ni wewe. Alikutuma ukatazame, nawe ukamsifia kibao ambacho hujakiona! Na darasa la pili usilisingizie, kasoro ni ya ukurasa: anayetafuta maji hana haja na picha za vijana.

Mwite leo, usingoje Jumamosi. Mwambie Alhamisi uliitoa kichwani. Kisha shika simu utafute tena, safari hii siku ya maji ya mtaa wa Donholm usiyoijua, na useme kwa sauti jicho limeanguka wapi kwanza, kidole kimekwama wapi, ulitarajia kuona neno gani. Yeye anyamaze, aandike. Hiyo sifa yako pale juu iondoke, nafasi yake wapewe wanaotafuta siku ya maji, kwa herufi kubwa kama ulizowapakia wenye bucha.

Na uende na Munyoki. Umemtaja kuwa shahidi wako, na katika habari hii yote ni yeye peke yake aliyekubali kwamba hajaona.