Kuna Mkono wa Mtu Kisimani

Jumanne, 1 Julai

Nimekunywa dawa ya presha na uji bila sukari, kama alivyoagiza nesi. Nesi huyo huyo ndiye aliyesema hasira nisiimeze, nitafute pa kuitolea. Basi naitolea hapa. Faraja, mwanangu wa mwisho, anaandika, mimi nasema. Kalamu sijui kushika. Mdomo ninao.

Kisima kimekufa tena. Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, aliyerudi kukaa hapa upande wa pili wa kisima, alikwenda Makambako akaleta fundi wake. Wakatoa mabomba yote, wakafunga mota mpya, wakarudisha chini. Maji yakatoka siku mbili tu. Leo ukiwasha, ile swichi kubwa ya ukutani inakata. Pa! Unawasha tena, pa!

Na ufunguo wa kibanda cha swichi anao yeye. Ati kisima cha kaka yake. Mimi nasema kisima cha mume wangu. Tunasemana hivyo tangu tumzike. Hata pale kaburini tulisemana, padri akatuangalia.

Alhamisi, 3 Julai

Ukungu mpaka saa tano. Viazi sijagusa.

Nimekwenda kusaga. Mashineni watu walinipisha njia nilipoingia. Mama mmoja tunayesali naye kigango kimoja ndiye aliyenivuta pembeni. Wifi anapita akisema, "Kuna mkono wa mtu kwenye kile kisima." Jina hakutaja. Ana haja gani? Wote waliiangalia mikono yangu hii.

Mchawi, mimi. Mimi niliyemuuguza mama yake, nikamfulia, nikamlisha, yeye akiwa kwa mume wake huko anavaa vitenge vipya. Alikuja siku ya msiba wa mama na miwani nyeusi. Miwani! Kijijini kwetu jua lenyewe halipo.

Nimemchukia leo kuliko jana. Faraja anasema mama, hilo niliache. Nimemwambia aliandike.

Ijumaa, 4 Julai

Kikao cha ukoo. Mkubwa wao ni shemeji Lukasi, kaka yake wifi. Ulanzi wa kunywa ulikuwepo, kwa hiyo hakuna aliyechelewa.

Wifi kasimama. Kasema fundi wake ni mzuri, na waya wa mota uliunganishwa yeye akiwa hapo hapo, kaushika kwa mikono yake mwenyewe, kwa hiyo kilichoharibu kimetoka nyumba ya pili. Nyumba ya pili ni mimi.

Nikamwambia, "Wifi, mimi ningekuwa mchawi ungekuwa bado unaongea?"

Walicheka. Yeye ikamuuma. Akapiga kifua: "Ikionekana ni mkono wangu, nahama, nakwenda kwa mwanangu Makambako. Ikiwa ni wako, hama wewe!"

Shemeji Lukasi akasema amesikia, na wote wamesikia. Mabomba yatolewe, aje fundi mwingine, afungue mbele ya watu.

Nihamie wapi? Kwa mtoto wangu wa kiume Njombe mjini, nikakae kwenye kochi nitazamane na mkwe wangu? Hii nyumba matofali yake nimefyatua mwenyewe, mgongoni nina mtoto. Mume wangu kalala hapo nyuma. Siendi popote. Lakini naogopa. Nimesema naogopa.

Jumatatu, 7 Julai

Faraja kaleta fundi kutoka mtaa wa Ramadhani, pale Njombe mjini. Mtu mkavu. Hakusema hata kamwene ya salamu, kauliza tu kisima kiko wapi. Simpendi.

Wanaume wa ukoo wamevuta mabomba asubuhi nzima. Kisima chetu ni kirefu, sisi tuko mlimani, maji yako mbali sana. Fundi akaeleza: mota inakuja na kipande kifupi cha waya, lazima ukiunganishe na waya mrefu wa kutoka juu. Pale pa kuunganisha panakaa chini kabisa, majini. Na maji ya chini kule yana presha, yanabana kila upande. Yakiona tundu kama unywele yanaingia.

Nikamwambia hata mimi ninayo presha, nakunywa vidonge. Hakucheka.

Nje manyunyu. Akasema hapa hapafai, anataka pakavu penye joto, gundi yake haigandi kwenye baridi. Kwa wifi kuna vigae na jiko la gesi, baridi yake kama machinjioni. Kwangu moto wa kuni hauzimiki. Basi waya ukaingizwa jikoni kwangu, na wifi akaufuata nyuma, ahakikishe siufanyii kitu. Miaka hajakanyaga humo. Akaangalia masizi ya darini, akakunja pua.

Fundi akaanza kuichana ile tepu nyeusi ya mwenzake wa Makambako. Ilikuwa inateleza tu, inabanduka kama ganda la ndizi. Akanusa. Akasugua kwa kidole. Akasema, "Kuna mkono wa mtu hapa."

Wifi akanigeukia mimi.

"Mkono wenye mafuta," akasema. "Aliyeushika huu waya alikuwa amejipaka. Tepu haishiki penye mafuta. Maji yamepita humo humo."

Sasa, kijiji kizima kinajua wifi anajipaka mafuta ya nguruwe kipindi chote cha baridi, mikono isipasuke. Inang'aa kama maandazi. Ilikuwa inang'aa pale pale, mapajani kwake. Shemeji Lukasi kasimama mlangoni, anaitazama. Wifi akaificha kwenye kanga. Amechelewa.

Nikafungua mdomo. Fundi akaniwahi: "Bibi, nyamaza. Pumzi yako ina unyevu, unaniloweshea shaba." Halafu akamgeukia wifi: "Na wewe mama, kanawe. Kwa sabuni. Ukimaliza, nawa tena."

Akaukata waya upya. Ndani una nyaya tatu, kila moja akaipa urefu wake zisije zikagusana. Akaziunga kwa vibati vya shaba, akabana na koleo, akafuta kwa spiriti, akafunika na kopo la plastiki, akamimina gundi. Ule waya mgumu, unajikunja, unataka kurudi ulikotoka. Lazima ushikwe huku na huku mpaka gundi igande. Wanaume wote walikuwa matope mpaka viwikoni. Mikono mikavu ilikuwa yangu na ya wifi.

Tukakaa. Yeye upande ule, mimi upande huu. Ukitikisika umeharibu. Kusema nimekatazwa, kucheka siwezi. Maneno yalinijaa mdomoni. Nikawa namtazama tu. Mikono, halafu uso, halafu mikono.

Akasema taratibu, hanitazami: "Umefurahi, mchawi wewe."

Nikaitikia kwa kichwa.

Jumatano, 9 Julai

Maji yametoka. Jana fundi aliitumbukiza ile jointi, pale palipoungwa waya, kwenye ndoo ya maji, akapima na kidude chake, akaridhika, mota ikashushwa. Leo wamewasha na swichi haijakata.

Shemeji Lukasi kaniletea ufunguo wa kibanda. Kasema neno lilisemwa mbele ya watu. Halafu akasimama pale, akaniangalia. Wote waliniangalia. Walikuwa wananingoja mimi niseme basi, aachwe, ni mtu mzima, alijipaka kwa ajili ya baridi tu. Nilijua wanangoja hilo. Mimi nisiyenyamaza hata kanisani, nikanyamaza.

Mashineni mimi nani alinisemea?

Kenta ya mizigo imekuja mchana. Godoro, masufuria, mtungi wa gesi. Hakuniaga. Alipofika kwenye uzio akatema mate. Na mimi nikatema.

Jumamosi, 12 Julai

Ndoo zote zimejaa. Upande wa pili pamefungwa.

Faraja kakaa na kalamu tangu asubuhi. Mama, sema. Nimemwambia aandike maji yanatoka vizuri. Kaandika. Ananisubiri.

Hakuna jingine.